Kutyuni injini ya gari lililo ndani ya waranti: kitu kikivunjika, bili ni ya nani?

Wakuu, salaam.

Kila mwenye gari la turbo anapouliza kama anaweza kuliwekea programu mpya ya injini ilhali waranti ya kiwandani bado haijaisha, majibu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema kwamba ukigusa tu kompyuta ya injini, waranti yote imekufa siku hiyo hiyo. Wapo pia wanaosema kwamba hakuna shida yoyote, kwa kuwa siku ya kwenda kwa wakala fundi atarudisha programu ya kiwandani na hakuna atakayejua. Majibu yote mawili yanapotosha, na hili la pili ndilo linaloingiza watu hasara kubwa, kwa hiyo nitakaa nalo kwa muda mrefu zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachobadilishwa. Kompyuta ya injini huongozwa na majedwali ambayo mafundi huyaita ramani: turbo isukume hewa kwa presha gani, cheche ipigwe nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu, nozeli za mafuta zifunguke kwa muda gani, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, isivuke kiwango gani katika kila gia. Kutyuni ni kuandika upya majedwali hayo. Katika injini ya petroli yenye turbo, ramani ya kwanza isiyohitaji kubadilisha kifaa chochote huongeza nguvu kwa asilimia 20 hadi 30 hivi, kwa sababu kuna hewa zaidi ya kusukumwa. Katika injini isiyo na turbo faida ni ndogo mno, na mimi binafsi sioni sababu ya kuhatarisha waranti kwa ajili ya hospawa chache ambazo dereva hatazihisi.

Sasa waranti yenyewe. Hii ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kifaa kikiharibika kwa kasoro ya malighafi au ya uundaji ndani ya muda au kilomita zilizotajwa, atakitengeneza kwa gharama yake. Ahadi hiyo ina mipaka, na mpaka unaotuhusu umo karibu katika kila kitabu cha waranti: uharibifu uliosababishwa na mabadiliko ambayo mtengenezaji hakuyaidhinisha haumhusu. Neno la kuliangalia hapo ni "uliosababishwa". Mota ya kioo cha mlango ikifa katika gari lililotyuniwa, hakuna uhusiano wowote kati ya kioo na presha ya turbo, na wakala anayekataa dai hilo kwa kisingizio cha programu ya injini anastahili kupingwa kwa maandishi. Lakini turbo, pistoni, klachi, giaboksi, shafti za magurudumu na masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi) vyote viko katika njia ya nguvu uliyoiongeza. Hapo uhusiano ni rahisi kuonyesha, na mara nyingi mtengenezaji hahitaji kutumia jasho kubwa.

Wengi hupenda kuitaja sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss kana kwamba ni ngao ya kila mtu. Sheria hiyo inamkataza mtoa waranti kumlazimisha mteja kutumia spea au huduma ya jina fulani ili waranti iendelee, isipokuwa akizitoa bure au akiwa amepata kibali maalumu. Ndiyo maana nchini humo kubadilisha oili mahali pengine au kufunga eya klina ya kampuni nyingine hakufuti waranti peke yake. Lakini sheria hiyo haimlazimishi mtengenezaji kulipia pistoni iliyopasuka kwa sababu presha ilipandishwa kupita alivyokusudia. Katika Umoja wa Ulaya mambo yako karibu na hapo. Muuzaji anawajibika kwa miaka miwili kwa kasoro iliyokuwapo gari lilipokabidhiwa, na kasoro ikijitokeza katika mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Programu mpya ya injini ni zawadi kwa muuzaji anayetafuta uthibitisho huo. Anayeishi nje ya maeneo hayo asome kitabu chake cha waranti pamoja na sheria ya mlaji ya nchi yake, wala asitegemee sheria ya nchi nyingine ambayo haitamtetea.

Nije kwenye hoja ya "hawatajua".

Zipo njia kadhaa za kujua, na hazihitaji mtu kuwa mpelelezi. Ya kwanza ni namba ya uhakiki wa programu, inayojulikana kwa kifupi CVN. Kompyuta ya injini hupiga hesabu juu ya yaliyomo katika ramani zake na kutoa namba, na namba hiyo husomwa kupitia soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, ambayo nchini Marekani ilikuwa ya lazima kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996. Ukibadilisha thamani moja tu katika jedwali moja, namba inabadilika. Fundi wa wakala huilinganisha na ile iliyoko kwenye orodha ya mtengenezaji. General Motors kwa mfano iliwaagiza mawakala wake waichukue namba hiyo kabla ya kuidhinisha ubadilishaji wa injini au giaboksi katika baadhi ya magari. Hiyo ni kazi ya dakika chache, wala haibishaniwi.

Hapo ndipo mtu husema: basi nitarudisha programu ya kiwandani kwanza. Ni kweli, CVN itarudi kuwa sahihi. Ila kompyuta nyingi zina kaunta inayohesabu ni mara ngapi zimeandikwa programu, na kaunta hiyo hairudi nyuma kwa sababu umerudisha ramani ya awali. Kule kurudisha kwenyewe ni kuandika, kwa hiyo inasonga mbele tena. Mtengenezaji anazo kumbukumbu za kila mara wakala alipoandika programu kwenye gari hilo. Kumbukumbu zikisema mara moja na kaunta ikasema mara nne, jibu limepatikana. Zipo zana zinazodai kuichezea kaunta pia, na katika kompyuta za zamani zimewahi kufanikiwa, lakini mtu aliyefika huko ajiulize anachokifanya ni nini: anatengeneza ushahidi wa uongo ili kampuni ilipe kitu ambacho anajua fika kwamba haikuahidi kukilipa. Hilo ni udanganyifu, na mimi sitamsaidia mtu yeyote katika uzi huu kulifanya.

Kwa upande wa Volkswagen na Audi, wamiliki wa Marekani na Kanada wanaifahamu vizuri alama ya TD1. Gari linapounganishwa na mashine ya wakala na programu yake isipolingana na ya kiwandani, alama hiyo huwekwa kwenye kumbukumbu za gari katika mfumo wa kampuni. Tangu hapo madai yanayohusu injini na mifumo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu huanza kwa kukataliwa, na alama inalifuata gari hata likiuzwa. Mnunuzi wa pili anaweza kurithi gari lenye programu ya kiwandani na waranti iliyobaki miaka miwili kwenye karatasi, akaja kugundua siku ya shida kwamba sehemu ya injini ya waranti hiyo ilikwisha zamani. Kwa hiyo, mkuu unayetaka kununua gari la kasi lililotumika, mwombe wakala asome hali ya waranti ya gari hilo kwa namba yake ya chesisi kabla hujatoa hela.

Vile visanduku vidogo vinavyochomekwa kwenye waya za sensa navyo vinahitaji maelezo yake, kwa sababu ndivyo vinavyosifiwa zaidi kwamba haviachi alama. Kisanduku hukaa kati ya sensa ya presha na kompyuta. Presha halisi ikiwa bar 1.2, chenyewe kinaiambia kompyuta kwamba ni bar 1.0. Kompyuta inaona bado haijafika inakotaka, inaiachia turbo isukume zaidi. Ni kweli kwamba ramani haijaguswa, hivyo CVN na kaunta ziko safi. Lakini kompyuta ina sensa nyingine. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona mafuta hayatoshi kwa hewa inayopita, nayo kompyuta inaanza kuongeza muda wa nozeli na kukumbuka masahihisho hayo. Sensa ya mngurumo wa silinda inaona dalili za mafuta kulipuka nje ya wakati, cheche inarudishwa nyuma, yaani inacheleweshwa. Taa ya chek injini ikiwaka, kompyuta hupiga kama picha ya hali ilivyokuwa wakati huo: mizunguko, mzigo, joto na masahihisho ya mafuta. Mtu akichomoa kisanduku asubuhi ya kwenda kwa wakala, thamani zilizokusanywa kwa wiki nyingi zinaweza kuwa bado zimo. Na kibaya kuliko ugunduzi ni kwamba kompyuta imekuwa ikilinda injini kwa taarifa za uongo muda wote huo, ilhali ramani iliyoandikwa vizuri angalau inajua presha halisi ni ngapi.

Tena chuma chenyewe husema. Injini ikifunguliwa na kukutwa pistoni ya petroli imevunjika ukingo ule mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili, fundi mzoefu anajua kwamba presha ya ghafla ndani ya silinda ilizidi uwezo wa alumini. Ataichukua plagi ya silinda hiyo na kuitazama kwa lenzi: kwenye kauri nyeupe inayozunguka ncha hukutwa vidoa vidogo vya kijivu vinavyong'aa, ambavyo ni alumini ya pistoni iliyoruka na kuganda pale. Uharibifu wa namna hiyo unaweza pia kutokea katika gari ambalo halijaguswa, kwa mafuta yenye okteni ya chini au nozeli iliyoziba, na hapo mmiliki ana haki ya kudai. Lakini vidoa hivyo vikikutana na kaunta isiyolingana, mjadala umekwisha.

Nieleze sasa kwa nini watengenezaji wanakataa, maana wengine hudhani ni ubahili mtupu. Chukueni giaboksi ya klachi mbili kavu ya Volkswagen yenye gia saba, inayojulikana kwa namba DQ200. Kikomo chake cha torki ni Nm 250. Injini ya TSI (petroli yenye turbo) ya lita 1.4 yenye hospawa 150, ambayo imefungwa pamoja na giaboksi hiyo katika magari mengi, inatoa Nm 250 kutoka kiwandani. Hakuna akiba hata kidogo kwenye karatasi. Ramani ya kwanza inayouzwa kwa injini hiyo kwa kawaida huipeleka Nm 300 au zaidi, na mwenye gari anafurahi kwa sababu injini yenyewe inaimudu. Klachi ndizo zisizoimudu. Zinaanza kuteleza katika gia za juu mteremko ukigeuka mlima, zinachoka kabla ya wakati, na kitengo cha kuziendesha nacho kinafanya kazi ya ziada. Gari kama hilo likija kwa wakala na klachi zilizoungua likiwa na kilomita 40,000, mtengenezaji akilipa atakuwa amelipia uamuzi ambao hakuufanya. Nami naona yuko sahihi kukataa, ingawa najua wapo humu watakaonipinga.

Swali lenye manufaa kwa mwenye gari, basi, ni hili: katika gari langu, kifaa kipi ndicho dhaifu kuliko vyote nguvu ikiongezeka, kinagharimu kiasi gani, na je, nina uwezo wa kukilipia mwenyewe kesho? Ukishindwa kulijibu, subiri waranti iishe. Ukiweza, tafuta fundi atakayekuonyesha rekodi za safari ya majaribio baada ya kuandika ramani, zikiwa na presha iliyoombwa na iliyopatikana, joto la hewa inayoingia, na kiasi cha cheche kilichorudishwa nyuma kwa kila silinda. Fundi anayekupa karatasi ya hospawa peke yake hajakuonyesha kitu. Tunza nakala ya ramani ya awali ya gari lako, risiti za sevisi zote, na aina ya mafuta unayotumia.

Ipo njia ya kati ambayo haizungumzwi vya kutosha. Baadhi ya watengenezaji huuza wenyewe, au kupitia washirika wao, ongezeko la nguvu linalofungwa na wakala na kuiacha waranti mahali pake. Volvo iliuza programu za Polestar kwa utaratibu huo. Ford nayo ina programu za Ford Performance ambazo kwa baadhi ya magari huja na waranti zikifungwa na wakala wake. Dinan, inayojulikana kwa magari ya BMW nchini Marekani, ilijijengea jina kwa kutoa waranti yake yenyewe inayolingana na ile ya gari. Ongezeko katika njia hii huwa dogo kuliko la fundi wa nje na bei huwa kubwa, kwa sababu ndani ya bei hiyo kuna mtu aliyekubali kuubeba mzigo wa uharibifu. Fundi wa nje naye akisema anatoa waranti, soma imeandikwa nini: inalipia kuandika upya programu yake, au inalipia injini?

Kuhusu kutoa chujio la moshi la dizeli na kuziba valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, sitasema mengi. Katika nchi nyingi ni kosa la kisheria, mbali kabisa na suala la waranti. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya pikapu za dizeli 550,000 zilikuwa zimeondolewa mifumo hiyo katika muda wa muongo mmoja, na moshi wake tunauvuta sote. Asiyejali mapafu ya wenzake ajue tu kwamba hakuna wakala atakayejadiliana naye chujio likiwa halipo.

NYONGEZA: Nimesoma maswali yaliyowekwa hapa chini, nitayajibu kwa pamoja.

Mkuu aliyeuliza kama wakala anaweza kufuta programu yake wakati wa sevisi ya kawaida: ndiyo, na hutokea mara nyingi. Mtengenezaji akitoa toleo jipya la programu, wakala hulipakia, na ramani uliyoilipia inafunikwa. Unaondoka na gari lenye nguvu ya kiwandani, na huenda mashine imeshatuma taarifa kwamba ilikuta programu isiyo yake. Ukiwaandikia kwenye fomu ya kupokelea gari kwamba hutaki programu yoyote ipakiwe bila idhini yako, utaokoa ramani, ingawa sentensi hiyo yenyewe inawaambia jambo.

Aliyeuliza kuhusu bima: bima na waranti ni mikataba miwili tofauti, na ile ya bima ni kali zaidi kwenye hili. Kampuni ilipanga malipo yako kwa kuzingatia gari la hospawa fulani. Ukiongeza nguvu bila kuwaarifu, unawapa sababu ya kukataa au kupunguza fidia hata kama ajali haikuhusiana na injini. Waarifu kwa maandishi, na upate jibu lao kwa maandishi. Kama gari ni la mkopo au la kukodi kwa muda mrefu, soma mkataba wake pia, kwa sababu hujawa mmiliki kamili wa kuamua kubadilisha.

Mwingine amesema gari lake liliingizwa nchini likiwa limetumika, na anataka kujua kama haya yanamhusu. Mara nyingi waranti ya kiwandani hufungwa kwenye soko ambako gari liliuzwa mara ya kwanza, na haivuki mpaka pamoja na gari. Kama ni hivyo, suala la waranti halipo kwako, linabaki lile la kifaa dhaifu na mfuko wako. Nakushauri upime mgandamizo wa silinda na ubadilishe plagi kabla ya kuandika ramani yoyote, kwa sababu injini iliyochoka haipewi presha zaidi.

Na kwa mkuu aliyesema kwamba nimewatetea mawakala mno: wapo wanaolitumia vibaya neno "imetyuniwa". Nimeona dai la pampu ya maji inayovuja likikataliwa kwa sababu gari lilikuwa na eya klina ya wazi, jambo ambalo halina mantiki yoyote. Ukikutana nalo, usibishane pale mapokezi. Omba kukataliwa kwako kuwe kwa maandishi, kukieleza kifaa gani kimeharibika, mabadiliko gani yamekiharibu, na kwa njia gani. Kisha upeleke barua hiyo kwa ofisi ya wateja ya mtengenezaji mwenyewe pamoja na picha na risiti zako, na ikibidi umlipe fundi wa kujitegemea akague kifaa kabla hakijatupwa. Kifaa cha zamani mwambie wakala akihifadhi, na usaini hati ya kukihifadhi kabla hujaondoka, kwa sababu kikishapelekwa kwenye chuma chakavu hutakuwa na cha kuonyesha.